Shahidi wa Cheruto

Mwalimu mkuu alinirudishia barua yangu kwa mara ya tatu siku ya Jumatano asubuhi. Mara hii hakunieleza kasoro yoyote. Alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya neno "anajitolea", na pembeni ameandika neno moja tu: Wapi?

"Bwana Kipketer," nilimwambia, "wapi nimeandika. Nimeandika kwamba kila Jumamosi, kwa miaka miwili sasa, Cheruto anawahudumia wazee wanaoishi peke yao hapa Rongai. Nimetaja mpaka vijiji."

"Nimesoma, Mwalimu Waithera. Umemwona akifanya hayo?"

Jumamosi mimi huwa nyumbani kwangu nikisahihisha insha.

Shirika moja la Nairobi lilikuwa limeomba kila shule ya sekondari ya eneo letu itoe jina moja, la kiongozi kijana anayejitolea kwa jamii, ili lije kumsomesha chuo kikuu. Jina moja tu, na lilitakiwa kufika kwao Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Mimi ndiye mlezi wa baraza la wanafunzi, na Cheruto, msichana wa kidato cha nne, ndiye rais wa baraza hilo. Kwa hiyo kuandika barua ilikuwa kazi yangu, na kutia sahihi kazi ya mwalimu mkuu. Nilidhani itanichukua nusu saa. Hii ilikuwa wiki ya pili.

Bwana Kipketer alivuta droo akatoa faili ya buluu, nene kama Biblia ya familia. Ilikuwa ya Jamleck, mwanafunzi mwingine wa kidato cha nne, ambaye baba yake ni mwanachama wa bodi ya shule. Ndani mlikuwa na vyeti kumi na vitatu na picha zilizotiwa kwenye plastiki: Jamleck akipanda mti, Jamleck akiwa na fulana ya kampeni, Jamleck akimkabidhi mtu unga.

"Kwenye picha nne anapanda mti uleule," nilisema. "Tazama hiyo senyenge nyuma."

"Angalau mti upo," alijibu bila kucheka. "Mimi sina ubaya na huyo msichana. Lakini bodi ikiniuliza, nitawaonyesha nini? Maneno yako? Niletee mtu mzima mmoja tu aliyehudumiwa naye, aseme au aandike. Kesho saa nne. Baada ya hapo naweka sahihi kwa huyu."

Nilitoka nikiwa nimeuma meno. Nilimkuta Cheruto kwenye tangi la maji, akipanga foleni ya kidato cha kwanza kana kwamba ameajiriwa na serikali.

"Cheruto, nimekuomba picha tangu wiki iliyopita."

"Sina, Mwalimu."

"Hata moja? Miaka miwili? Watoto wa siku hizi wanapiga picha chai!"

Alikuja karibu nami akapunguza sauti. "Mwalimu, kazi yetu nyingi, mimi na wenzangu, ni kuogesha watu na kuosha vyoo. Sasa nimpige mtu picha saa ngapi? Akiwa kwenye karai?"

"Akiwa amevaa, Cheruto! Baadaye! Mkiwa mmeketi mlangoni!"

"Baadaye tunakuwa tumechelewa kwa mwingine."

Nilimuuliza kama anaitaka nafasi hiyo ama najisumbua bure. Hapo uso wake ulibadilika. Alisema anaitaka sana, anataka kusomea uuguzi, na mama yake, anayeuza mboga sokoni, hana namna nyingine ya kumpeleka. Nikamwambia basi, leo jioni aende kwa mmoja wa wazee wake aombe maneno mawili kwenye karatasi.

"Hiyo siwezi."

"Huwezi?"

"Nimwendee mtu nimwambie, nilikufulia, sasa nisifu? Siwezi, Mwalimu. Nisamehe."

Nimefundisha miaka kumi na tisa. Nimewahi kukasirishwa na wavivu, na waongo, na wale wanaoruka ua kwenda sokoni. Sijawahi kukasirishwa na mtu kama nilivyokasirishwa siku ile na mtoto mwema.

"Basi nitaenda mwenyewe. Niambie ni kwa nani."

"Nenda kwa Shosho Mugure, yule bibi wa nyuma ya maghala. Lakini usiende saa nane, huwa amelala. Na ukifika, tafadhali muulize kama amemeza dawa ya mchana."

Yaani hata hapo nilipewa kazi.

Saa kumi nilianza safari kwa miguu. Nilipita maghala ya mahindi, nikafuata njia ya vumbi iliyopakana na mkonge, mpaka viatu vyangu vyeusi vikawa rangi ya ugoro. Shosho Mugure alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake ya mabati, mguu mmoja umefungwa bendeji safi, akichambua maharagwe. Nilimsalimu nikajitambulisha.

"Mwalimu wa Cheruto," alirudia, akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye vile viatu. "Vizuri umekuja. Nimekuwa nikitafuta mtu wa kumshtakia huyo msichana."

"Kumshtakia?" niliuliza.

"Amenifichia chumvi," alisema. "Ameiweka juu ya kabati nisikofika. Mimi nimekula chumvi kabla nyanya yake hajaolewa. Amehamisha kitanda changu, eti pale kinaponyeshewa ni pabaya. Miaka kumi na mmoja kimekaa pale! Ananikata kucha nikitaka nisitake. Na akija ananipima hii presha ya damu na kimashine alichoazima dispensari, halafu anaandika, halafu ananigombeza kama mimi ndiye mtoto."

"Na anakuja kila Jumamosi?"

"Jumamosi na Jumatano, jioni. Mwaka juzi nilianguka bafuni, nikalala pale chini usiku mzima na siku nzima. Ni yeye alinipata. Tangu hapo hanipumzishi."

Nilitoa karatasi na kalamu haraka, kabla ujasiri haujaniisha. Nikamweleza habari ya shirika na barua, na kwamba maneno yake machache tu yangetosha. Alisikiliza akiwa ameshika harage moja kati ya vidole.

"Na akipewa, anaenda wapi?"

"Chuo kikuu, Shosho. Labda Eldoret, labda Nairobi. Anataka kuwa nesi."

Alilitupa lile harage kwenye sufuria.

"Basi siandiki."

"Shosho, ni mistari miwili tu. Hata mimi naweza kuandika, wewe uweke kidole."

"Usinifundishe kalamu, naijua. Nilifika darasa la nne enzi za mzungu. Siandiki." Aliisukuma sufuria kando. "Nina kijana wangu anayeishi Lanet hapo karibu, ambaye nilimzaa. Nikimwona Krismasi nashukuru Mungu. Huyu si wangu, hata lugha ya kwao siijui, na ndiye anajua kidonda changu kiko mguu gani. Halafu wewe unakuja na kalamu, unataka niandike mwenyewe aondoke?"

Nilikunja karatasi nikaaga. Nilikuwa nimefika langoni nilipokumbuka, nikarudi, nikiwa nimechoka na dunia nzima.

"Shosho, umemeza dawa ya mchana?"

Alinikazia macho. "Amekutuma."

"Ndiyo."

"Mwambie nimemeza." Kisha akainuka polepole, akaingia ndani, nikasikia kikombe kikigonga mtungi.

Usiku ule niliandika barua upya. Sikuweka tena maneno makubwa. Nilimweleza kama alivyo: kwamba ni mbishi, kwamba anachelewa prepu, yale masomo ya jioni, kila Jumatano na sasa najua kwa nini, kwamba hajui kujitetea hata kidogo. Nilijua haitasaidia, ila nilikuwa nimechoka kuandika kama mhubiri.

Alhamisi saa nne kasoro, nilisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu na hiyo barua mkononi.

"Shahidi?" aliuliza.

"Amekataa."

"Amekataa?" Aliguna, akavuta ile faili ya buluu karibu na kufungua kalamu. "Mwalimu, nimejaribu. Sasa mimi nifanyeje?"

Kabla sijafungua mdomo, mlinzi wa langoni alibisha. Alisema kuna mathe mmoja mzee amekuja na mkokoteni wa punda, ule wa kuuza maji, na amekataa kuandika jina kwenye daftari la wageni. Anataka mkubwa wa shule. Nyuma yake mgeni alikuwa tayari ameingia, na mkongojo wake, na leso mpya kichwani, na ule mguu wenye bendeji.

"Wewe ndiye mkubwa?" Shosho Mugure alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Karibu, keti."

"Siketi. Nimekuja kukataa. Mwalimu wako huyu alikuja kwangu jana akasema mnataka kumpeleka Cheruto mbali. Mimi nakataa."

Bwana Kipketer alinitazama. Mimi nilitazama dari.

"Unakataa kwa nini, mama?"

"Kwa nini? Kwani utakuja wewe kuniosha mguu? Utanitolea maji kwenye bomba la chini, mitungi minne? Utaenda kuniulizia dawa dispensari wakati wanasema hakuna, usimame pale mpaka zipatikane? Na si mimi peke yangu. Kuna Mzee Kipkemoi ng'ambo ya reli, haoni, anasomewa Biblia na huyo msichana, na yeye ni mkali kuliko mimi. Kuna yule mama wa mapacha aliyepooza. Alikusanya wenzake kumi na wawili, akawagawa, kila nyumba na watu wake. Asiyefika anafuatwa kwao. Nyinyi wakubwa tunawaona kwenye harambee na kwenye mazishi. Sasa mmoja anayekuja, mnataka kumtoa!"

Alikuwa anahema. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka kalamu chini. Aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka juzi, mvua za mwezi wa nne."

"Na ni huyu huyu Cheruto?"

"Kwani mna wangapi?"

Alimtuma mlinzi akamwite. Cheruto aliingia akiwa na chaki kwenye vidole, akamwona Shosho, na hata hakumsalimu mwalimu mkuu.

"Shosho! Nani amekupandisha mkokoteni na huo mguu?" Alipiga magoti palepale kwenye zulia la ofisi akaanza kuikagua bendeji. "Ona, imelegea. Nilikwambia usitembee mpaka Jumamosi. Nilikwambia ama sikukwambia?" Kisha akageuka kwangu, macho yamejaa machozi ya hasira. "Mwalimu, ulimwambia nini?"

Nilisema nilimwambia ukweli. Ndilo lililokuwa kosa langu.

Bwana Kipketer aliomba barua yangu. Aliisoma yote, hata pale niliposema ni mbishi. Kisha akavuta fomu ya shirika akatia sahihi chini ya jina la Cheruto, na kwenye nafasi ya maelezo ya ziada akaandika kwa mkono wake maneno ya Shosho, karibu yote. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu kufika saa sita.

Shosho Mugure alikuwa anafuata kalamu ile kwa macho.

"Umeandika nini hapo?"

"Ulichosema, mama."

"Mimi nimesema nakataa."

"Nimekusikia. Hilo pia nimeandika."

Ndipo alipoelewa. Aliketi, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akafunika macho kwa ncha ya leso. Cheruto alikuwa bado chini, ameshika ule mguu.

"Shosho, si leo," alisema. "Na hata nikipata, ni mwaka ujao."

"Mwaka ujao si mbali," Shosho alisema. "Wewe ni mtoto, hujui. Si mbali hata kidogo."

Tulimsindikiza mpaka kwenye mkokoteni, Bwana Kipketer akimshika mkono, na Cheruto akimgombeza mwenye punda aende polepole.

Shirika lilimwita Cheruto kwenye mahojiano mjini Nakuru mwezi uliofuata, na kabla ya mitihani barua ikaja kwamba amechaguliwa. Baba yake Jamleck hakunisalimia kwenye mkutano wa wazazi. Jamleck mwenyewe alinifuata nje ya maktaba, akasema, "Mwalimu, ni sawa. Mimi nilienda nao Jumamosi mbili. Nilishindwa na choo." Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa vyeti vyake vyote.

Cheruto alifurahi kwa siku moja. Siku ya pili alikuja ofisini kwangu na orodha. Kila nyumba alikuwa ameiwekea wanafunzi wa kidato cha pili. Mbele ya jina la Shosho Mugure alikuwa ameandika jina langu.

"Cheruto, mimi nina insha za kusahihisha Jumamosi."

"Najua, Mwalimu. Nimekuweka asubuhi ili mchana usahihishe."

Basi naenda. Shosho hajanisamehe, na hafichi. Jumamosi ya kwanza aliniacha nimesimama juani muda mrefu, kisha akaniambia blanketi liko kwenye beseni. Nililifua kwa miguu, nikalikamua kwa nguvu zangu zote, nikalianika. Alikuja na mkongojo wake, akalishika pindo, akatazama maji yanavyodondoka.

"Mwalimu mzima," alisema, "hujui kukamua."

Nikalishusha kutoka kwenye kamba, nikaanza tena.