Nukta ya Bi Naila

Mimi napenda grafu ya nguzo, na sioni haya kusema. Nguzo mbili zikisimama pamoja, ndefu na fupi, hata bosi aliyechelewa kikao anajua nani kashinda kabla hajavuta kiti. Kazi yangu katika kituo chetu cha utafiti wa mazao, hapa Kibaha, ni kupanga ripoti, na ripoti yenye nguzo nzuri hupita bila maswali. Ndiyo maana wiki ile nilimkasirikia Mwanaamina Mwinyimadi kwa moyo wangu wote.

Mwanaamina ni mtafiti wa mihogo, na tunakaa ofisi moja. Ni mtoto wa Kisarawe, mpole wa sauti, lakini akishakataa jambo unaweza kwenda Mlandizi na kurudi ukamkuta bado amekataa. Kwa misimu kadhaa alikuwa akiilea mbegu mpya ya muhogo tuliyoiita Saba, kwa sababu kwenye kitalu ilikuwa safu ya saba na hakuna aliyejisumbua kuitafutia jina. Wakulima wa upande wa Mzenga, wilayani Kisarawe, waliipanda kwa majaribio: kila mmoja kipande cha Saba na pembeni yake kipande cha mbegu yao ya zamani. Mavuno yalikuwa yameshapimwa. Kilichobaki ni grafu, halafu kamati ya mbegu ikae Ijumaa na kuamua kama Saba iendelee au itupwe.

Hapo ndipo programu yetu ya kuchorea grafu ilipokata roho. Leseni ilikuwa imekwisha, na kila ukiifungua ilikueleza hivyo kwa adabu, kisha ikajifunga. Ashrafu, fundi wetu wa kompyuta, akaja anatabasamu na flashi mfukoni. Alikuwa na programu ileile, imekrakiwa isidai leseni, na alisema kabla chai haijapoa tutakuwa tunachora. Nilishaanza kumsogezea kiti. Mwanaamina akamwambia ahsante, lakini hapana.

"Natafuta ukweli wa mihogo ya watu," alisema. "Siwezi kuuchora kwa kitu cha wizi halafu niweke jina langu chini."

Nikamwambia muhogo haujui leseni ni nini. Akacheka, akanigawia karanga zake, akageukia kompyuta na kuanza kutafuta programu za bure.

Sikuziamini. Kwangu mimi kitu cha bure ni kile kilichobaki chini kabisa ya beli la mtumba baada ya wajanja kuchagua. Mwanaamina alinieleza kwamba hizi si za kuokota. Zina leseni zake, ila leseni hizo zinakuruhusu kumgawia yeyote umtakaye, na mwenye ujuzi anaweza kuifungua programu yenyewe akaona inavyokokotoa. Hakuna atakayekuja siku moja kukufungia mlango ukiwa nje. Nilimwitikia kama ninavyomwitikia mchungaji mahubiri yakizidi na tumbo likidai.

Alizipima vilevile anavyopima mbegu. Kila programu aliipa data ileile na swali lilelile, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ambayo sisi wengine tuliitumia kuwekea vikombe. Na intaneti aliizima. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, alisema kuna mwalimu wa sekondari kule Mzenga ambaye angetaka kuitumia na wanafunzi wake, na shule yake haina bando. Yaani mtu ana grafu ya Ijumaa inamsubiri, yeye anamuwazia mwalimu.

LibreOffice, mojawapo ya hizo za bure, ilimpa nguzo asubuhi ileile, tena safi, nikanyanyuka kuzitazama. Nikatamani nisingenyanyuka. Nguzo ya Saba ilikuwa fupi kuliko ya mbegu ya zamani. Haikupishana nayo sana, ila fupi ni fupi. Mwanaamina aliitazama, kisha akaanza kufuta vumbi la kibodi kwa kidole, herufi moja moja. Nilimwonea huruma kiasi kwamba hasira zote ziliniisha.

Dokta Evodius, mkuu wetu wa idara, alikuja kuiona. Alisema pole, na alimaanisha. Akaongeza kwamba utafiti ndivyo ulivyo, atume nguzo hizo kwa kamati na aanze kufikiria mbegu nyingine. Nilidhani habari ya kuchagua programu imeishia hapo. Mwanaamina akajibu kwamba atatuma, ila bado hajamaliza kuchagua.

Kwenye mchujo wake zilikuwa zimebaki mbili, LabPlot na R. LabPlot niliipenda mara moja: unabofya, unavuta, grafu inakuja na rangi zake. R ilinichosha hata kwa jina, herufi moja tu, utadhani wazazi wake waliishiwa nguvu siku ya kumpa jina. Hiyo hubofyi chochote. Unaiandikia maagizo, mstari kwa mstari, na usipoandika sawasawa inakugomea. Ili aamue kati ya hizo mbili, Mwanaamina alizipa kazi moja ngumu: zisichore wastani kama zile nguzo, zichore kila shamba kwa nukta yake.

Zote mbili ziliweza. Nukta za mbegu ya zamani zilikaa katikati ya karatasi, zimesongamana. Za Saba ziligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikuwa juu kuliko shamba lolote la mbegu ya zamani. Kundi jingine lilikuwa chini kabisa. Kati ya makundi hayo hapakuwa na kitu. Na kilele cha nguzo yangu nzuri ya asubuhi kilikuwa kimeishia hapo hapo, mahali ambapo hapakuwa na shamba hata moja.

Nilivuta kiti nikakaa. Mwanaamina sasa alikuwa amehamia R moja kwa moja, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini. Maagizo yote yalikuwa kwenye faili moja fupi. Alibadilisha neno moja, grafu ikajichora upya na rangi za aina ya udongo. Akabadilisha tena, zikaja rangi za ugonjwa wa majani, kisha za mwezi wa kupanda. Kila mara rangi zilichanganyika juu na chini, hazikutenganisha chochote. Hakukata tamaa wala hakuharakisha. Mwisho aliandika mstari wa kuweka jina la mkulima pembeni ya kila nukta, akasogeza uso karibu na kioo.

"Dada Recho," alisema, "hawa wa chini wote nazijua nyumba zao. Wote wako njiani."

Wa kwanza shamba lake linapakana na njia ya kisimani, wa pili ya msikitini, wa tatu ya shuleni, na kadhalika. Hilo halikuwa na safu kwenye data yetu. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza shamba liko njiani au la. Tukakubaliana kwamba ni wezi, maana muhogo wa njiani ndio mwepesi kuibwa. Alhamisi asubuhi tukaomba gari la ofisi, tukapita Mlandizi na kukata kuelekea Mzenga.

Tulianza kwa Bi Naila, mama mtu mzima anayeishi peke yake, ambaye nukta yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatutandikia mkeka. Mwanaamina alimuulizia afya, kuku na mvua, na baada ya hapo, kwa upole wake wote, akamuuliza habari za wezi wa mihogo. Bi Naila alikunja uso. Alisema shamba lake haliibiwi, kila anayepita pale anamjua kwa jina na kwa jina la mama yake, na kama tumetoka Kibaha kuja kuwatukana majirani zake, basi tumechoma mafuta bure. Nguruwe je? Nguruwe pia hakuna.

Mwanaamina akaomba radhi. Hatukuwa na swali jingine, tukaanza kuaga. Bi Naila akasema tusubiri. Alichukua jembe, akaenda pembeni ya shamba ambako alikuwa amejibakishia mashina machache ya Saba, na baada ya muda akarudi amekumbatia mihogo minene yenye udongo mbichi. Akaiweka miguuni pa Mwanaamina na kusema hawezi kutuacha tuondoke mikono mitupu.

Mwanaamina aliiangalia ile mihogo. Kisha akaangalia njia ya kisimani, ambako wanawake wawili walikuwa wakipita na ndoo zao na kutupungia mkono.

"Bi Naila," aliuliza taratibu, "kabla hatujaja kupima, wageni walipita?"

Bi Naila aliketi mkekani, akacheka kidogo kwa aibu. Alisema siku ile ya mavuno tulikuwa na karatasi ndefu, tukamuuliza mambo mengi, naye alijibu kila aliloulizwa.

"Na leo mmeuliza wezi, mmeuliza nguruwe," alisema. "Wageni hamkuuliza."

Tulikuwa tumemkataza asile muhogo wa majaribio, naye hakula hata mmoja. Lakini mtu akisimama njiani akakusalimia akiwa ametoka mbali, utamwambiaje kwamba muhogo huu ni wa watafiti? Unamng'olea shina, anakwenda zake akikuombea dua. Muhogo wa zamani walikuwa wakiupokea kwa adabu tu. Ila tangu waonje Saba, ulivyo mtamu na unavyoiva upesi, waliokuwa wakipita mara moja walianza kupita mara mbili. Siku ya Maulidi sufuria nzima ilikuwa Saba tupu. Mbegu ya zamani, hapo kando yake, haikuombwa na mtu.

Tukazunguka kwa wakulima wengine wa chini. Wote walikuwa na hadithi ile ile, na wote walitufungia mihogo. Wale wa juu mashamba yao yalikuwa ndani, nyuma ya vilima, ambako hapiti mtu.

Tukiwa tunarudi, gari limejaa mihogo, nilimwambia kazi imekwisha. Azifute nukta za njiani, ni mstari mmoja tu kwenye ile R yake, na Saba itashinda kwa mbali. Alitikisa kichwa. Alisema hatujui wageni walibeba kiasi gani, na mbegu ikishinda kwa nukta zilizofutwa haijashinda. Nilibishana naye hadi Mlandizi. Baada ya Mlandizi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa naanza kumwonea fahari, na ni vigumu kubishana na mtu huku unamwonea fahari.

Ijumaa aliweka mbele ya kamati grafu yenye nukta zote, za njiani kwa rangi moja na za ndani kwa nyingine. Aliwaambia wazi kwamba hawezi kudai Saba inazaa zaidi, anachoweza kuonyesha ni kwamba imepimwa ikiwa imeshaliwa. Pamoja na grafu aliwapa data, faili la maagizo na programu yenyewe, yeyote aliyetaka akachore mwenyewe. Bi Genoveva, mjumbe ambaye hata Dokta Evodius humjibu akiwa amesimama, aliiweka kwenye kompyuta yake palepale, akageuza maagizo huku na huku kutafuta pa kumkamatia. Zilimtokea nukta zilezile. Alivua miwani, akasema hajawahi kuletewa kazi ambayo mwenyewe amempa funguo za kila chumba. Saba ikapewa msimu mwingine, na safari hii kila shamba litakuwa na mzani wa kupimia mihogo ya wageni kabla hawajaondoka nayo.

Sina aibu kusema machozi yalinilenga. Wengine tulitafuta programu itakayotupa nguzo kwa haraka. Yeye alitafuta ambayo hataogopa kumwachia mtu mwingine, na kwa kutafuta huko ndiko mbegu yake ilikopona.

Kabla ya kupanda upya tulirudi Mzenga kuwapa wakulima mrejesho, kama ilivyo desturi ya kituo. Mwalimu wa sekondari alikuja na kompyuta ya shule, Mwanaamina akamwekea R bila bando wala kibali cha mtu. Grafu tuliichapa kubwa, bila majina, tukaibandika ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Mwanaamina alieleza nukta ni nini. Aliyekuwa akitabasamu kuliko wote ni Mzee Abdulkadiri, mwenye shamba la nyuma ya kilima, ambaye alikisia upesi kwamba nukta ya juu kabisa ni yake, na akahakikisha kila mtu amejua.

Bi Naila alinyanyuka na kuuliza yake iko wapi. Niliona Mwanaamina anasita, maana ilikuwa pale chini, chini kuliko ya mtu yeyote. Bi Naila akauliza tena. Basi Mwanaamina akamshika mkono, akauongoza ukutani hadi kidole kikafika kwenye nukta. Bi Naila aliitazama, akatazama zilizo juu yake, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sitaisahau.

"Kumbe mimi ndiye niliyelisha watu wengi," alisema.

Watu wakampigia makofi. Mzee Abdulkadiri alipiga pia, ila tabasamu lilikuwa limempungua, na makofi yalipotulia akaanza kueleza, bila kuulizwa na mtu, kwamba shamba lake liko mbali sana na njia.