Mlima Uko Chini

Mchoraji ramani wa idara ya mipango miji aliitwa Rula na watu wote wa ofisini, kuanzia bosi mpaka mlinzi wa mlangoni. Jina hilo walimpa alipoanza kazi, kwa kuwa hakuvumilia kitu kilichopinda. Picha ikikaa upande ukutani, atasimama aiweke sawa. Viatu vikitupwa ovyo mlangoni, atavipanga kwa ncha ya mguu. Hata mkate aliukata vipande vinavyolingana, mpaka wenzake wakawa wanamtania, "Rula, uache huo mkate, hauendi kwenye kikao!"

Meza yake ilikuwa dirishani. Juu yake palikuwa na kompyuta, kopo la penseli zilizochongwa vizuri, na kitambaa cha kufutia vumbi kilichokunjwa mara nne. Nyuma yake ilikaa mashine ndefu ya kuchapia ramani, iliyotoa karatasi polepole huku ikiguna kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Kazi yake ilikuwa kuchukua picha iliyopigwa na ndege kutoka juu, kufuata kila paa, kila barabara na kila mfereji, na kuugeuza mji mzima kuwa mistari. Aliipenda kazi hiyo. Kuna watu hutulia wakifuma vitambaa. Yeye alitulia akichora paa za watu.

Mwaka huo mji ulikuwa umeamua kujenga stendi mpya ya mabasi, stendi ya kisasa yenye ukuta kuizunguka. Ramani yake aliichora Rula, na ilipokamilika ikatundikwa kwenye ukumbi wa chini, karibu na mlango, ili wananchi waitazame. Mwenye neno aliandike, alitie kwenye sanduku. Ijumaa saa sita sanduku lingefungwa, na mchana huohuo kamati ingekaa kuipitisha. Ikishapita, imepita.

Alhamisi asubuhi bosi alikuja mezani kwa Rula na rundo la karatasi mkononi. Alikuwa mtu mwema ila mwenye haraka, wa kunywa chai akiwa amesimama.

"Hebu niambie, hawa watu wa mlimani wana nini?" alisema. "Stendi inajengwa bondeni, wao wako juu kabisa, lakini wanalalamika vumbi, wanalalamika honi. Huyu mwalimu mstaafu ameandika kurasa tatu! Na wa bondeni, ambao mabasi yatapita chini ya madirisha yao, kimya. Hakuna hata mmoja."

"Labda wameridhika, bosi."

"Labda," alisema bosi, na chai yake ikaondoka naye.

Jua lilipopanda, shangazi yake Rula akaingia ukumbini. Huyo ndiye aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa fundi cherehani, na bado aliishi bondeni, katika nyumba ileile aliyokulia Rula. Mikono yake ilikuwa mizima, macho yake makali kama sindano zake, ila goti la kulia lilikuwa limemsaliti. Kila wiki alikwenda zahanati kulinyoosha.

"Shikamoo, shangazi! Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka zahanati, nikasema nipite nione huo mchoro unaosemwa. Mtaani wote wamekuja kuuona isipokuwa mimi, na aliyeuchora ni mwanangu. Aibu gani hiyo!"

Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akasogeza kiti. "Karibu, mama. Hapa mimi ndiye mfafanuzi. Kila anayekuja namweleza."

"Nieleze basi."

Mlinzi akainua fimbo yake kama mwalimu. "Juu ni juu, chini ni chini. Hapa juu ni mlimani. Huku chini ni bondeni. Na hii stendi, si unaiona? Iko juu kabisa. Wenye magari yao wakae na mabasi yao!"

Wakacheka wote wawili. Shangazi akanyoosha kidole chake chenye alama za sindano, akagusa sehemu ya chini ya karatasi. "Kwa hiyo hapa ndipo kwangu. Nyumba hii, yenye uwanja nyuma. Mwanangu, umenichorea uwanja mkubwa, ahsante."

Rula naye alikuwa anacheka. Kisha akatazama pale kidole kilipogusa.

"Shangazi, hapo siyo kwako. Hapo ni mlimani. Hiyo ni nyumba ya mwalimu mstaafu."

"Mlimani?" Shangazi alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa. "Mlima uko chini? Tangu lini mlima ukawa chini?"

"Kwenye ramani kaskazini ndiyo inakaa juu. Na mji wetu mlima uko kusini. Kwa hiyo..." Alionyesha mshale mdogo aliouchora pembeni, mzuri, ulionyooka. Hakuna aliyekuwa ameutazama. Na kwa nini autazame? Mtu anayepanda mlima kila siku na ndoo, umwambie mlima uko chini?

Mlinzi akavua kofia. "Maana yake," alisema taratibu, "nimewapoteza watu wa mitaa miwili."

"Mmoja umewapa furaha ya bure na mwingine umewanyima usingizi," alisema shangazi. "Kaa, baba, usianguke. Sasa, mwanangu, mimi niko wapi?"

Rula akaushika mkono wake, akaupandisha polepole mpaka juu ya karatasi. "Hapa. Na hii ndiyo stendi."

"Ala! Imenikalia mgongoni." Kidole cha shangazi kikaanza kutembea chenyewe. "Natoka kwangu hivi. Nampita mwosha magari. Naingia njia yetu ya miarobaini, natembea kivulini, natokea zahanati." Kidole kikagonga mstari mnene mweusi. "Hiki nini?"

"Ukuta."

"Na njia yetu iko wapi?"

Rula akainama. Akatafuta kwa jicho, kisha kwa kidole. Njia haikuwepo. Mahali pake palikuwa na utepe wa kijani, majani matupu, na ukuta ulipita katikati yake. Akaelewa. Ndege hupiga picha kutoka juu. Juu ya njia ile matawi yameshikana kama watu wanaoamkiana. Picha iliona majani, naye akachora majani. Njia aliyobebewa mgongoni utotoni akiwa na surua, njia aliyoangushia jino lake la kwanza, hakuichora kwa sababu hakuiona kwenye kioo cha kompyuta.

"Ukuta ukijengwa hapo," alisema shangazi kwa sauti ndogo, "nitafikaje zahanati?"

"Kwa barabara kuu. Unapanda mpaka kona, halafu unashuka."

Shangazi alijishika goti tu, na Rula akatamani afadhali angegombezwa.

Alipanda ngazi mbilimbili hadi kwa bosi, akamweleza yote. Bosi aliweka kikombe chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kaskazini inakaa juu dunia nzima, Rula."

"Dunia nzima haikai bondeni, bosi."

Bosi alijikuna kidevu. "Nakuelewa. Lakini siwezi kuhamisha ukuta kwa sababu mimi na wewe tumezungumza. Kamati itauliza: wakazi wanasemaje? Na wa bondeni mpaka sasa kimya, yaani stendi hoyee. Kama wana neno, walilete kabla ya kesho saa sita."

"Nikiwaonyesha ukutani hawataelewa. Naomba karatasi ya mashine, bosi. Nyingi. Na ule uwanja wa mbele tunapoegesha magari."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuulaza mji chini."

Jioni nzima mashine iliguna. Rula alichapa stendi na mitaa yake vipande vipande, kila kipande kirefu kama khanga, akaviunga kwa gundi ya karatasi, kingo kwa kingo. Shangazi naye aliporudi mtaani hakulala na habari. Fundi cherehani ana wateja, na wateja wana midomo.

Ijumaa asubuhi uwanja ulikuwa umetapakaa karatasi, mawe yamewekwa pembeni upepo usiibebe. Rula alikuwa ameigeuza ramani ikae kama mji wenyewe ulivyokaa: upande wa mlima ukatazama mlima, upande wa bonde ukatazama bonde. Watu wa bondeni wakaja, na wa mlimani pia, maana habari hupanda mlima bila kuhema.

"Vueni viatu!" alitangaza mlinzi, ambaye hakutaka tena kufafanua lolote ila viatu. "Atakayeuchana mji atauziba mwenyewe!"

Mwanzoni walisimama pembeni kama watu wanaoogopa maji baridi. Wa kwanza kuingia alikuwa mwosha magari, kijana mwenye soksi za rangi mbili. Alitazama mlima, akatazama miguu yake, akasogea hatua, akasimama. "Hapa! Hapa ndipo pangu, huu ndio mfereji wangu!"

Kufumba na kufumbua kila mtu akawa anatafuta kwake. Majirani walijikuta wamesimama bega kwa bega juu ya karatasi, wakaanza kuulizana hali kana kwamba hawakuja pamoja.

"Hodi hapo!"

"Karibu, ila usikanyage maua yangu!"

"Maua gani? Mimi naona karatasi."

"Ndiyo hayo hayo."

Mwalimu mstaafu wa mlimani alizunguka mpaka akaipata nyumba yake, mbali kabisa na stendi, penye hewa safi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi wiki nzima nalala na pamba masikioni," alisema, "nafanya mazoezi ya honi!" Watu wakacheka mpaka ramani ikatingishika, naye akacheka kuliko wote.

Kisha shangazi akainuka kitini. "Nipisheni. Nakwenda zahanati."

Akaanza kutembea juu ya karatasi, na fimbo yake ya kutembelea ameipachika kwapani asije akatoboa. Kutoka kwake, kumpita mwosha magari, hadi kwenye utepe wa kijani. Pale kwenye mstari mweusi akasimama. Nyuma yake alikuwa mama mwenye mimba kubwa, na nyuma yake bibi anayempeleka mjukuu kwa chanjo. Wote wakasimama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Huu ni ukuta," alisema shangazi, bila kupaza sauti. "Na sisi sote tuko upande huu."

Minong'ono ikageuka kelele. Huku wanasema stendi isijengwe, kule wanasema wamechoka kupandia mabasi kwenye tope. Madereva walikuwa wamekuja pia, na mkubwa wao, mtu mnene mwenye kifua cha ngoma, alikuwa amesimama katikati ya stendi.

"Jamani, stendi tunaitaka!" alinguruma. "Abiria wenu wenyewe wananyeshewa!"

"Nani kakataa stendi?" Shangazi alimgeukia. "Nakuuliza wewe mwenyewe, baba. Basi lako linageukia wapi?"

Dereva alitazama chini. Akashika usukani usiokuwepo, akainamisha bega, akaenda hatua za kubana akitoa mlio mdomoni, na watu wakampisha kana kwamba ni basi kweli. Alizunguka stendi yote, kisha akasimama mbali na ule utepe wa kijani. "Hapa ndipo mwisho. Kule kwenye miti siingii. Matawi yatanikwaruza paa, na majani yataziba mifereji ya stendi. Ile kona mimi siihitaji. Nani kaniwekea?"

Rula akamtazama bosi. Bosi alikuwa amesimama ukingoni, viatu mkononi, chai hana.

"Ukuta ukirudi ndani hadi hapa aliposimama," alisema Rula, "stendi inatosha, na njia inabaki."

"Andikeni," alisema bosi. "Bado kuna muda. Kila mtu aandike neno lake, asiyeweza aandikiwe. Mwalimu, si una mwandiko mzuri? Safari hii andika kuhusu kitu kilichopo."

Mwalimu mstaafu aliwaandikia watu wa bondeni akiwa amepiga magoti juu ya paa lake mwenyewe. Sanduku lilipofungwa, kifuniko kilikataa kushuka, mlinzi akalikalia.

Mchana kamati ilikaa. Bosi alikuwa ameagiza karatasi ipelekwe ukumbini na itandikwe sakafuni, na mwenyekiti wa kamati, aliyezoea kukaa mbele, aliombwa kuvua viatu. Alisita, kisha akavua. Rula alimwonyesha njia, akamwonyesha basi linapoishia. Mwenyekiti alitembea hadi zahanati na kurudi, akauliza maswali mengi, mengine magumu, na mwisho akasema ukuta urudi ndani.

Rula alirudi mezani akafungua kompyuta. Shangazi alikaa kando yake, goti amelinyoosha kwenye kiti cha pili, akitazama mstari mpya ukiota katikati ya majani.

"Mbona umeuchora mwembamba hivyo? Ongeza. Mjamzito na anayemshikilia wapite pamoja."

Rula akaongeza.

"Na pale kwenye mzizi mkubwa, njia inapinda kidogo. Umeinyoosha."

Mkono wa Rula ukasita. Maisha yake yote hakuwa amekipenda kitu kilichopinda. Akautazama mstari wake ulionyooka, akaufuta, akaukunja pale penye mzizi.

"Hapo sasa," alisema shangazi. "Hapo ndipo ulipoangushia jino."

Ukuta ulipojengwa ulisimama mbali na miarobaini. Mabasi yakaja, na abiria wakagundua kivuli, nao wakaanza kupita humohumo. Sasa shangazi ana lalamiko jipya, na kila wiki humfikishia Rula bila kukosa: watu wamekuwa wengi mno njiani, na kwa salamu za kila mmoja, anafika zahanati amechelewa.