Kosa la Pili la Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na saratani mbili, moja ya koo na nyingine ya figo, na hakuna iliyomzaa mwenzake. Daktari alilirudia hilo, maana mzee alidhani anataniwa.

"Kukojoa damu kulianza lini, baba?"

"Miezi saba sasa."

Mkewe aligeuka. "Miezi saba! Na kila wiki tunakuja hapa kwa ajili ya koo!"

"Nilijua ni dawa za koo, mama watoto. Saa ikisimama, kosa huwa moja. Ukilipata, unafunga kifuniko."

"Kwani wewe ni saa?"

Miaka arobaini mzee aliwacheka mafundi wanaotafuta kosa la pili, akisema wanamchokonoa mgonjwa aliyekwisha pona. Sasa koo lilikuwa limesikia dawa, lakini saratani ya figo, ambayo ingekatwa mapema mambo yakaisha, ilikuwa imeshaingia kwenye mapafu.

Walimzika baada ya wiki kumi na moja, koo likiwa limepona. Kunyamaza kwake kulimgharimu figo moja, mapafu mawili na uhai. Mkewe kulimgharimu mume aliyeishi naye miaka thelathini na minane.