Rafu ya Mali

Odessa Pruitt aliegesha gari nyuma ya mahakama ya Kaunti ya Harlow, Georgia, siku ya Jumatano, kwa kuwa Jumatatu makarani wana kesi na Ijumaa wana haraka ya kwenda kwao. Mkononi alibeba keki ya siagi iliyofunikwa kitambaa. Nyuma yake alishuka Cinda, bibi wa bibi yake, aliyefariki zamani sana, akakaza kilemba na kuuliza kama pale ndipo.

"Ndipo," Odessa akasema. "Ila bibi, niache niseme mimi. Karani hasimuliwi ukoo mzima. Anaulizwa kitu kimoja, kwa ufupi, tafadhali ikitangulia na asante ikifuata."

"Mimi na tafadhali tumelala kitanda kimoja," Cinda akajibu. "Haya, tangulia."

Alikuwa ameanza kuja majira ya kuchipua, jikoni kwa Odessa, akiketi kumenya maharage. Alitaka jambo moja tu: kujua binti yake Viney alipelekwa wapi alipouzwa. Odessa aliiandikia kaunti barua baada ya barua, zenye adabu, zenye miaka na jina la familia, Pruitt. Kila mara alijibiwa kwa adabu ileile kwamba hakuna kitu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, lakini kwanza uwe umesimama kwenye pango lenye nyoka.

Karani, Bi Darlene Tuggle, mama wa Kizungu aliyening'iniza miwani shingoni, aliipokea keki, akainusa, akawasalimu wote wawili.

"Huyu mwenzio ni marehemu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi asikae chini ya feni. Wa wiki iliyopita alipeperuka mpaka kwenye ngazi."

Alisoma ombi, akatikisa kichwa. "Mpenzi wangu, unaomba vizuri, ila umeombea rafu siyo. Wewe unauliza watu. Wenu wa enzi za utumwa, kabla ya vita, hawamo kwenye watu. Uliza mali. Na mali iko chini ya jina la mwenye mali. Alikuwa nani?"

Odessa hakujua. Siku watumwa walipoachiwa huru, Cinda na mumewe walijipa jina la Pruitt, la mhunzi mmoja waliyempenda, ili lile la bwana aliyewamiliki lifie hukohuko. Cinda aliapa halitapita tena mdomoni mwake. Wanawe hawakulisikia hata alipokuwa akikata roho. Katika maisha yake yote, huo ndio ushindi pekee aliokuwa nao.

"Bila jina siwezi, mama," karani akamwambia Cinda, na upole wake ulikuwa wa kweli. "Laiti ningeweza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cinda alisimama, akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Lathrop Venable," akasema. Kisha akaomba leso, akafuta ulimi.

Odessa alitazama dirishani, maana hakupenda mtu yeyote amwone bibi yake akiwa ameshindwa.

Bi Darlene alileta kitabu cha mirathi, akapitisha kidole. Nyumbu wawili. Plau. Ndama mwekundu. Msichana, miaka sita, ameuzwa kwa msafiri wa Texas. Mtoto hakuwa na jina. Msafiri naye hakuandikwa jina.

"Anaitwa Viney," Cinda akasema. "Andika."

"Siruhusiwi kuandika humu, mama. Hakuna anayeruhusiwa."

Hapo mtoto akaanza kulia ndani ya ukurasa, kilio cha mtoto aliyeamshwa na sauti anayoijua.

"Hulia," Bi Darlene akaeleza. "Rafu hiyo yote hulia. Ndiyo maana tunafungulia redio." Akainuka, akaizima kwa heshima, na vitabu vingine navyo vikasikika.

Kitabu hakitolewi nje ya chumba kile, kwa hiyo Cinda alikipakata palepale. Alimbembeleza mtoto, akamwambia mama yupo, akamuuliza walimpitisha njia gani. Viney hakuijua njia. Alijua tu kwamba garini mlikuwa na ndama, na kwamba alikuwa na kiu. Odessa alilia bila kujificha, na karani akamsogezea sanduku la karatasi laini.

Saa kumi na moja jioni Bi Darlene aliomba radhi, akakichukua kitabu taratibu mikononi mwa Cinda, akakirudisha rafuni, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Tunafungua saa mbili asubuhi," akasema. "Akitaka nakala yenye muhuri, nitamwandalia."

"Twende nyumbani, bibi," Odessa akasema.

"Nenda wewe, mwanangu. Siku ile walinishika nisimfuate. Leo nani amenishika?"

Cinda aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Mfagizi alipita na ufagio, akamwamkia, akafagia kumzunguka. Ndani, mtoto alikuwa bado anaomba maji.