Breki ya Mwalimu

Kisu kiliingia kwanza, mwenye kisu akafuata.

Kiliingia kwa dirisha la upande wa mwalimu, kikamkuta Shemeji ametoa kiwiko nje, anacheka. Alikuwa anamcheka Kimya, mwanafunzi wake. Gari la chuo cha udereva lilikuwa limemzimikia nyuma ya mkokoteni, kwenye ile barabara ya mazoezi inayopita nyuma ya maghala, kwa sababu Kimya alikataa kupiga honi.

"Piga, aondoke."

"Watu watageuka."

"Sasa shemeji yangu, si ndiyo kazi yake? Honi imetengenezwa ili watu wageuke. Ungeitaka inong'one, ungenun..."

Hakumaliza. Kisu kilimchana mkono kuanzia kiwikoni kuteremka, damu ikarukia dashibodi na usukani na magoti ya Kimya. Mlango ukafunguliwa. Mtu mmoja mpana, jasho linamtiririka, mkoba wa turubai umemning'inia shingoni, alimshika Shemeji kwenye ukosi wa shati na kumvuta. Shemeji hakuvutika. Alikuwa amefunga mkanda, kama siku zote. Pale chuoni wanafunzi walimwita Mwalimu Mkanda, maana hata gari likiwa linaoshwa alijifunga. Yule mtu hakuhangaika kutafuta kitufe. Aliukata mkanda kwa kisu, mara moja, kama anakata kamba ya mbuzi, akamtupa Shemeji chini na kumkanyaga uso.

Mwenye mkokoteni alitazama nyuma, akauacha mkokoteni wake palepale, akatimua mbio.

Kimya alikuwa ameshafungua mlango wake. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye lami. Kwa mwendo wake angefika kwenye ghala la pili kabla yule mtu hajazunguka gari.

"Toka," yule mtu alimwambia, hana haraka. "Toka nimchinje huyu hapa hapa."

Shemeji alikuwa mume wa dada yake. Ndiye aliyemtafutia kazi ya kupanga mikate kwenye kiwanda cha mikate, na ndiye aliyesema mtu anayeamka mapema hivyo kupakia gari la mikate anaweza pia kuliendesha. Nyumbani dada alikuwa ananyonyesha mtoto mchanga, amewawekea chakula. Kimya aliurudisha mguu ndani, akafunga mlango.

Mwenye kisu alimsukumia Shemeji nyuma. Hakumweka kitini, alimshindilia sakafuni, katikati ya kiti cha nyuma na viti vya mbele, kama mtu anayeshindilia nguo kwenye sanduku. Kisha akaja kukaa mbele, mkoba mapajani, kisu shingoni mwa Kimya.

"Endesha."

"Mimi bado... najifunza."

"Leo ndiyo mtihani. Endesha!"

Aliwasha. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaachia polepole kama alivyofundishwa. Gari likashtuka, likaguna, likazimika. Ngumi yenye mpini wa kisu ilimpata mdomoni. Alisikia jino limelegea, na mdomo ukajaa kitu cha moto chenye chumvi.

"Unanichezea?"

Akawasha tena. Gari likashtuka, likazimika. Safari hii yule mtu alimshika nywele, akamgongesha paji la uso kwenye usukani, honi ikalia kidogo. Kimya aliinamisha kichwa akisubiri kipigo cha pili, na hapo, akiwa ameinama, macho yake yakaona chini ya ule mkoba. Yule mtu alikuwa amenyoosha miguu ili mkoba usianguke. Viatu vyake vizito vilikuwa vimelala juu ya breki ya mwalimu.

Gari la chuo lina breki mbili. Moja ya mwanafunzi, nyingine upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akipotea njia mwalimu amwokoe. Zote mbili zinafunga magurudumu yaleyale. Mwenye kisu hakujua, na mkoba ulimziba asione. Kwake yeye zilikuwa vyuma tu vya gari bovu.

Siku Shemeji alipomchukua mama mkwe wake kituo cha mabasi alimketisha kiti hichohicho. Kila kona, mama alinyoosha miguu kwa woga na kuikanyaga hiyo breki; Shemeji akawa anabanwa na mkanda kifuani njia nzima. Waliposhuka, mama alimpa pole kwa heshima zote: "Mkwe wangu, gari lako zuri, ila lina kwikwi." Nyumbani walicheka wiki nzima. "Mtu yeyote akiogopa," Shemeji alimweleza Kimya baadaye, "mguu wake unatafuta breki wenyewe. Hata kama hajawahi kushika usukani maisha yake yote."

Kimya angeweza kumwambia yule mtu atoe miguu. Alimeza damu, akanyamaza. Watu walimpa jina hilo kwa kunyamaza kwake, na wengi walidhani hana la kusema.

"Sikioni kioo," alisema. "Umekiziba."

"Kioo cha nini?"

"Cha pembeni. Siwezi kuona kama tunafuatwa."

Hilo lilimwingia yule mtu. Aligeuka ubavu, akaegemea mlango, mguu mmoja akaupandisha kitini ili awaone wote wawili, aliye mbele na aliye sakafuni. Mwingine ukarudi nyuma. Gari likaondoka bila kwikwi.

"Kumbe unaweza," alisema. "Mlikuwa mnanijaribu."

Alimwelekeza kwa ncha ya kisu. Kulia. Kushoto. Nyoosha. Alikuwa anaongea peke yake zaidi ya kuongea naye, na katika maneno yake Kimya aliokota habari yote: walikuwa wawili, wamevunja duka la sonara mchana kweupe, mwenzake aliyekuwa na pikipiki aliposikia mayowe alimwacha mlangoni. "Mbwa yule. Mimi nimeingia, mimi nimepiga, yeye kazi yake kunisubiri tu, hata kusubiri kunamshinda!" Akaipiga dashibodi ngumi. "Nitamkuta machimboni. Nitamtoa utumbo nimfunge nao."

Barabara kubwa ilijaa magari. Kwenye taa nyekundu trafiki alisimama hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa Kimya. Kimya alipeleka kidole kwenye kitufe cha taa za dharura, akabonyeza. Zikaanza kulia taratibu, tik, tik, tik.

"Nini hicho kinalia?"

"Injini."

Kisu kilimgusa chini ya taya, upande usioonekana dirishani, ngozi ikafunguka. "Zima hiyo injini yako."

Alizima. Trafiki aliliona bango la chuo juu ya paa, hakuinama kutazama ndani, akatabasamu kama watu wanavyowatabasamia wanafunzi, akawapungia wapite.

Walipotoka mjini na barabara kuanza kuwa nyeupe kwa vumbi la kokoto, sauti ya Shemeji ilitoka sakafuni, nzito.

"Kaka. Mwache binti ashuke. Mimi nitakuendesha popote."

"Kwa mkono upi?"

"Huu mwingine unatosha. Yeye hana kosa, hata hajakutazama."

"Wote mmenitazama," alijibu, kana kwamba anataja bei ya sukari. "Pale machimboni kuna shimo lina maji. Mtalala humo pamoja, hamtagombana."

"Kaka, nina mtoto hata meno..."

Mwenye kisu alipiga magoti kitini, akajinyoosha katikati ya viti, akamchoma. Kimya hakuona, aliona barabara. Lakini alisikia kisu kikiingia, akasikia kikitoka, na Shemeji, ambaye alikuwa na mzaha wa kila kitu, akalia kama mtoto. Kilikuwa kimempata pajani. Kikaingia tena.

"Bado una mtoto?" aliuliza yule mtu. "Hebu endelea kunihadithia."

Damu ilianza kutambaa juu ya zulia, ikapita chini ya kiti, ikafika kwenye kisigino cha Kimya. Ilikuwa ya vuguvugu. Alijua hapo kwamba Shemeji hana muda wa kufika machimboni, sembuse kutoka.

Mbele yao mteremko ulishuka umenyooka. Chini kabisa, pembeni, lilikuwa limeegeshwa lori la kokoto, limejazwa hadi juu, tairi limetolewa, hakuna mtu.

Kimya aliupapasa mkanda wake kuanzia begani hadi kiunoni. Ulikuwa umekaa sawasawa, haujajipinda.

"Shemeji," alisema kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua. "Mama ana kwikwi."

Kisha, nyuma yake, alisikia mkono ukikwaruza, ukatafuta vyuma vya chini ya kiti, ukavishika.

"Mama gani?" mwenye kisu aliuliza. "Umechanganyikiwa?"

Kimya alikuwa ameshaingiza gia ya tatu. Akaingiza ya nne, gia ambayo hakuwahi kuifikia tangu aanze kujifunza, na akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari lilinguruma, vumbi likainuka nyuma, kokoto zikapiga chini ya gari kama mvua ya mawe. Akaelekeza pua yake katikati ya mgongo wa lori.

"Punguza."

Hakupunguza.

"Wewe mwanamke! Punguza! Utatuua!"

Alimchoma begani. Kimya alipiga kelele lakini mguu wake haukuondoka kwenye mafuta. Lori likawa kubwa, likajaza kioo kizima, mpaka namba zake za nyuma zikasomeka. Ndipo yule mtu alipoacha kumtazama Kimya na kutazama mbele. Aligeuka mzima mzima. Mkono wa kisu ulirukia dashibodi. Miguu yote miwili ikashuka, ikanyooka, ikakanyaga sakafu kwa nguvu zote za woga wake.

Haikuwa sakafu.

Magurudumu yalifunga. Kimya aliuondoa mguu wake kwenye mafuta na kuukaza usukani. Gari lilipiga ukelele mrefu, likateleza, likageuka ubavu. Mkanda ulimkata kifuani kama waya, pumzi ikamtoka. Yule mtu hakuwa na cha kumshika. Nusu ya mkanda wake ilikuwa imening'inia pembeni, nusu nyingine iko chini, alipoikata mwenyewe. Alipaa kutoka kitini, uso ukakutana na kioo cha mbele, kioo kikapasuka kama utando wa buibui na kubaki na nywele zake. Mkoba ulipasuka. Mikufu na hereni vilimwagika kila mahali.

Gari lilisimama karibu na lori kiasi kwamba mlango wa mbele usingeweza kufunguka upande mmoja. Ulikuwa upande wa Kimya.

Alikuwa hajapata pumzi bado alipoona yule mtu anainuka. Pua haikuwepo mahali pake. Jicho moja lilikuwa limezibwa na damu. Kisu hakikuonekana, lakini mikono ilikuwa mizima, na yote miwili ilimfikia shingoni.

Alimkaba. Kimya alimparua, akampiga, haikuwa kitu. Ulimwengu ulianza kuwa mweusi pembeni. Mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe chini ya kiti, mahali ambapo Shemeji alikuwa anamfanya apapase huku amefumba macho, kila somo, mpaka akachoka: kizimamoto, kichwa huku, pini huku. Alikipata kichwa. Akang'oa pini kwa kidole gumba, akakielekeza juu, akakamua.

Poda nyeupe ilimjaa yule mtu jicho, mdomo na ile sehemu iliyokuwa pua. Aliachia shingo, akajishika uso, akakohoa. Kimya alifungua mkanda. Akakigeuza kizimamoto, akampiga nacho kichwani kwa kitako. Akampiga tena. Akampiga alipoanguka, akampiga alipokuwa ameshalala, na kila pigo alitoa sauti, yeye ambaye hakuwa akitoa sauti.

"Shemeji," sauti ilimwita kutoka sakafuni. "Shemeji yangu. Basi."

Aliacha. Kifua cha yule mtu kilikuwa kinapanda na kushuka, kwa shida.

Walitokea mlango wa nyuma wa upande wa pili. Kimya alimvuta mwenye kisu kwa miguu mpaka barabarani, akarudi na sanduku la huduma ya kwanza, akalifunga paja la Shemeji kwa bandeji zote zilizokuwemo, akazikaza kwa kile kipande cha mkanda kilichokatwa. Kisha akafungua buti, akatoa ile pembetatu nyekundu ya tahadhari, akaenda kuisimamisha hatua kadhaa nyuma ya yule mtu aliyelala.

"Hiyo ni mali ya chuo," Shemeji alisema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Asije akakanyagwa."

"Umpige vile, halafu asikanyagwe?"

Kimya alimsaidia kupanda kiti cha mwalimu, akaingia kwa mlango wa nyuma na kujipenyeza katikati ya viti hadi kwenye usukani, akawasha, akarudisha gari nyuma likikwaruza lori kwa mlio wa kutia uchungu, akageuza. Shemeji aliikunja miguu yake, ule mzima na ule mbovu, akaiweka mbali na breki.

"Ishushe," Kimya alimwambia. "Nikikosea ukanyage."

"Leo sifundishi. Endesha tu, kichwa kinazunguka."

"Usilale."

"Silali. Nakusikiliza ukiongea. Ni maajabu, nani alale?"

Alipofika barabara kubwa magari yalikuwa yamefungana mpaka kwenye geti la hospitali. Shemeji alikuwa ameanza kuegemea dirishani, jicho halimfuati tena anayeongea. Kimya aliweka kiganja chake chote katikati ya usukani, juu ya damu iliyokuwa imekauka pale, akakandamiza. Hakukiondoa. Honi ililia moja kwa moja, bila kupumua, magari yakapanda kingo za barabara, mlinzi akafungua geti huku anatukana, wauguzi wakatoka mbio na kitanda cha magurudumu.

Walipokuwa wanamshusha, Shemeji alifungua jicho moja.

"Wamegeuka," alisema.

Kimya bado alikuwa ameikandamiza honi.

"Waache wageuke," akasema.