Tundu la Pua ya Shaba

Shalumo, kifaa chetu cha kukatia chuma kwa moto wa gesi, ilipasuka kwa mara ya tatu, pa, na mwali ukazimika kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Cheche chache zilinirukia kwenye aproni, zikafa. Juu ya boriti ya trela palibaki kovu jeusi lenye urefu wa kidole, mahali ambapo nilipaswa kuwa nimeshakata nusu.

"Mama Trinah," Shyaka aliita kutoka kwenye mashine yake ya kusaga vyuma, "hiyo shalumo umeilisha maharage?"

Eddie, dereva wa lori lenye trela hiyo, alicheka akiwa amekalia tairi la akiba. Mzee Léonce, mwenye karakana, hakucheka. Alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akiisikiliza sauti iliyokwisha kupita, kama daktari anayengoja mgonjwa akohoe tena.

Kwa miezi minane katika karakana hii ya Muhima nilikuwa nimepaka rangi na kusugua kutu. Ukutani kuna misumari mitatu: wa kwanza hutundikwa miwani ya giza ya mzee, wa pili miwani ya Shyaka, wa tatu brashi yangu. Jana mzee alikuwa amesema, bila kunitazama, "Kesho utakata wewe. Tuone masomo yako ya jioni yanatoa nini." Hapa kwetu anayekata ndiye fundi, wengine ni watu wa kusaidia. Nilirudi nyumbani Rwezamenyo nikamnong'oneza binti yangu, ambaye hajafika hata miaka miwili: kesho mama anashika moto. Akanivuta sikio, akacheka.

"Iko karibu sana na chuma," mzee alisema sasa. Aligusa pua, kile kidude cha shaba mbele ya shalumo ambamo moto hutokea. "Hapa ikigusa, moto unakosa pumzi. Inua kidogo."

Niliinua. Mwali ulisimama, mkali, wa samawati, nikaanza kuuamini. Pa.

"Lete."

Aliipokea kwa mikono iliyojifunza kazi Bujumbura, kabla mimi sijazaliwa. Akawasha, akapunguza, akaongeza, akainama. Ukingo wa boriti ukaanza kuiva rangi ya chungwa. Pa.

Hapo moyo wangu ulipaswa kutua, maana kosa halikuwa la mkono wangu. Badala yake ulizidi kuzama.

Mzee alianza kutafuta ugonjwa, kiungo kwa kiungo. Alitazama saa za kupimia gesi kwenye mitungi yote miwili, wa oksijeni na wa asetilini. Mishale ilikuwa mahali pake. Akauliza kama mtungi wa asetilini ulilazwa njiani ulipoletwa. Shyaka akaapa kwamba umesimama hapo tangu juzi kama askari. Akaichovya pua kwenye ndoo ya maji, ikapoa kwa mlio mrefu. Akakaza nati. Akanituma povu la sabuni, tukalipaka kwenye maungio ya mipira ya gesi, tukachuchumaa kichwa kwa kichwa tukingoja kapovu kavimbe. Hakuna kilichovimba.

"Ni gesi yenyewe," alisema akijinyoosha mgongo. "Siku hizi wanatujazia upepo."

Ndani ya mfuko wa aproni yangu, vidole vyangu vilikuwa vimeushika uruhindu.

Uruhindu ni sindano nene ya chuma yenye mpini wa mti. Msusi wa vikapu huutumia kufungua njia ili uzi wa mkonge upite. Huu ulikuwa wa mama yangu, ndicho kitu pekee cha kazi alichoniachia. Wiki zangu za mwanzo hapa niliona pua ya shalumo imejaa masizi, nami nikafanya kama mama alivyonifunza kwa kitu chochote kilichoziba: nikaingiza ncha, nikazungusha. Shaba iling'aa. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kufunga, niliingiza na kuzungusha. Siku moja mzee aliuliza, "Nani anaisafisha hivi?" Shyaka akaninyooshea kidole. Mzee akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, na kwake yeye hiyo ni hotuba. Niliitembeza hotuba hiyo moyoni wiki nzima.

Darasani, somo la kusafisha pua lilinipita; jioni ile Trinah alikuwa na homa. Ni juzi tu, tulipokuwa tukijiandaa kwa mtihani, mwalimu Kamau aliligusia kwa sentensi moja: tundu likipoteza mviringo wake, gesi hupoteza kasi, na moto hurudi ndani. Kalamu yangu ilisimama. Uruhindu ni mwembamba nchani, lakini hunenepa kuelekea mpini. Nilidhani nasafisha, kumbe napanua.

Ningeweza kusema jana asubuhi. Nilisema moyoni, nitasema mchana. Mchana ndipo mzee aliponiambia kwamba kesho nitakata mimi.

"Mzee," nilisema, "labda tubadilishe pua."

"Pua haina hata mwaka."

"Labda tundu lake..."

"Tundu lina nini? Si unalisafisha mwenyewe kila siku?"

"Tena kuliko meno yake," Shyaka akaongeza.

"Mzee wangu," Eddie alisema, akitazama simu, "saa sita nilitaka niwe nimeshapita Kabuga."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, ya maneno manne au matano, na nilichotakiwa ni kuiachia tu itoke. Macho yangu yakaenda ukutani, kwenye msumari wenye brashi. Nikafunga mdomo.

Mzee aliongeza gesi. Akashusha miwani, akainama, uso wake shubiri mbili kutoka kwenye moto.

Pa. Pa, pa. Kisha haikupasuka tena. Ilipiga filimbi, nyembamba, isiyokatika, na mwali ukatoweka kwenye pua kana kwamba umevutwa kwa ndani. Moshi mweusi ulichungulia mahali ulipokuwa. Moto ulikuwa umehamia ndani ya shalumo, unawaka ndani ya kiganja chake. Nilimwona akitafuta kishikizo chekundu, cha asetilini, kama alivyozoea siku zote anapozima.

"Oksijeni kwanza," nilisema, na mkono wangu ulikuwa umeshafika. Nilikizungusha kile cha buluu mpaka kikagoma. Filimbi ikakatika. Mzee akafunga chekundu. Shyaka alikuwa ameruka hadi kwenye mitungi, anafunga huko pia, bila neno la mzaha.

Kulinuka mpira uliopata moto. Mzee alivua glavu. Kiganjani palikuwa na alama nyekundu, ndefu kama jani changa la mhindi.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Mwalimu Kamau. Wa jioni."

"Hm," alisema. Na katika ile hm mlikuwa na kila nilichokuwa nimekitamani kwa miezi minane. Shyaka alinitazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo. Eddie alikuwa amesimama, kofia mkononi. Kama ningenyamaza tu, asubuhi ile ingekuwa yangu.

Nikatazama tena kiganja cha mzee. Niliutoa uruhindu mfukoni, nikauweka juu ya boriti.

"Ni mimi, mzee. Nimekuwa nikisafisha pua kwa huu. Tangu juzi nilijua inaweza kuwa ndiyo sababu, nikanyamaza. Nilitaka kukata."

Mzee alingoja pua ipoe, akaifungua, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Kisha akanipa mimi. Tundu lilikuwa limelegea mdomo, kama tundu la kifungo kwenye shati la miaka mingi.

"Mama yako alikuwa anasuka nini?"

"Agaseke, vile vikapu vya kifuniko."

"Agaseke hakalipuki," alisema.

Alifungua mipira yote, akaikagua, akautupa ule mwekundu, akaweka mwingine. Kutoka kwenye kopo alitoa pua ya zamani iliyofungwa kitambaa, akaikaza kwenye shalumo, akampa Shyaka. Mimi nilichukua brashi nikaenda kupaka rangi lango lililokuwa linaningoja. Nyuma yangu mwali uliimba kwa sauti moja tu, bila kusita, na kipande cha boriti kilipoanguka sakafuni sikugeuka. Eddie aliondoka amechelewa, lakini aliondoka.

Jioni, wakati wa kufunga, mzee alikuja akaweka mbele yangu ile pua ya zamani na kikopo bapa. Ndani yake mlikuwa na nyaya nyembamba, zimepangwa kwa unene. Sikujua kwamba karakana ina kitu kama hicho.

"Chagua unaoingia bila kulazimishwa. Ndani, nje. Usizungushe."

Nilichagua. Ndani, nje. Niliielekeza pua mlangoni, na nukta ndogo ya mwanga ikanitazama kutoka upande wa pili.

"Iko mviringo?" aliuliza kutoka nje, alikokuwa akimwagia maji kiganja chake bombani.

"Iko."

Nilipokwenda kutundika brashi, nilikuta miwani ya giza kwenye msumari wangu. Ya Shyaka ilikuwa mahali pake. Msumari wa mzee ulikuwa mtupu. Alikuwa na mkono mmoja tu mzima siku ile. Huenda aliitundika popote palipokuwa karibu. Sikuuliza. Niliitundika brashi chini yake taratibu, isije ikaidondosha.