Wito wa Chakula

Walikula kiapo familia nzima, watu wanne, ndani ya lori la kuhamia, wamebanana na magodoro na kinanda kilichoviringishwa shuka: huko waendako, hakuna mtu atakayejua kwamba wanaimba. Aliyewaapisha ni mama, fundi cherehani, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa imemponza maisha yake yote. Kule walikotoka hapakuwa na harusi, msiba wala ibada iliyopita bila wao kugongewa mlango. "Safari hii tunakaa benchi la nyuma," alisema. "Midomo tunafungua kidogo tu, kama watu wengine."

Waliweza ubeti mmoja. Jumapili ya kwanza, wimbo wa kufungua ibada ulipofika ubeti wa pili, baba, fundi umeme, mtu mkimya asiye na neno na mtu, akateleza kwenye besi. Sasa besi ikishaanza utaiachaje peke yake? Binti mkubwa akaingia sauti ya pili. Mdogo wake wa kiume, waliyempachika jina la Filimbi kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa nyembamba, akapanda juu kabisa. Mama aliuma meno mpaka kiitikio, kisha naye akaachia. Vichwa vikaanza kugeuka. Ibada ilipokwisha, mwalimu wa kwaya alikuwa ameshawakingia njia mlangoni, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Kiapo kikaishia hapo hapo. Hata maboksi ya vyombo hayajafunguliwa yote, baba alikuwa kwenye kinanda cha kanisa, mama anafundisha sauti za wanawake, binti amepewa tarumbeta kwenye bendi ya shule, na Filimbi amesimamishwa mstari wa mbele wa kwaya ya shule. Hakuna aliyewalazimisha. Ndiyo shida ya watu hawa: ukiwaambia wana kipaji, wanaona haya kukataa, utadhani umewakuta wamekiiba.

Mama akachoka. Si uchovu ule wa kulala kidogo ukaisha. Kutwa alikuwa kwenye karakana ya sare za shule, mguu kwenye pedali, anashona kola juu ya kola, na jioni anasimama mbele ya watu waliotoka kazini hoi kama yeye, wanaimba huku wanameza miayo. Akirudi nyumbani anakuta sahani zimefunikwa kwa sahani. Mmoja ameshakula, mwingine bado yuko mazoezini, wa tatu amelala na soksi zake.

Hata hivyo, uchovu angeuvumilia. Kilichomuuma ni wito. Katika familia hii watu hawakuitwa mezani kwa majina. Chakula kikiiva, mama aliimba kipande kifupi kisicho na maneno, na kila mmoja alijibu kwa sauti yake kutoka alipokuwa: baba besi kutoka uani, binti sauti ya pili kutoka chumbani, Filimbi huko juu, hata akiwa bafuni na sabuni machoni. Sauti zikishakamilika, mama alijua wote wapo, akapakua. Tangu wahamie, wito ulikuwa umekufa kimyakimya, kwa kuwa siku zote kulikuwa na mtu hayupo. Jioni moja aliuimba hivyo hivyo, kujaribu tu. Akasubiri na mwiko mkononi. Hakuna aliyejibu. Akala amesimama.

Jioni pekee waliyokuwa wamebakiwa nayo wote wanne ni ya Jumatano, nayo mwalimu wa kwaya alikuwa ameshaimezea mate. Tamasha la kwaya linakaribia, alisema. Kwa nini wasiongeze siku? Mama alimjibu, "Nitaangalia, mwalimu." Kila aliyemfahamu alijua kwamba "nitaangalia" yake ilikuwa "ndiyo" iliyochelewa kidogo. Jibu lenyewe lilitakiwa Jumamosi.

Jumamosi hiyo ukumbi wa kanisa ulikuwa na joto. Baba alikuwa kwenye kinanda. Binti alikuwa amekaa karibu na mlango, tarumbeta mapajani, amepitia hapo ili warudi pamoja. Filimbi alikuwa benchi la mwisho na hesabu zake za shule. Wimbo ulikuwa umeharibika mara kadhaa pale pale, kope za mama zilikuwa nzito, na njaa ilikuwa inamkata.

"Tushikishe sauti, mama," alisema mwalimu wa kwaya. "Tuanze upya."

Mama akafumba macho, akafungua mdomo. Kilichotoka ni wito wa chakula.

Kwenye kinanda, baba akajibu besi bila hata kuinua kichwa. Mlangoni, binti akajibu sauti ya pili, na tayari alikuwa amesimama, mfuko begani. Kisha kutoka benchi la mwisho ikaja sauti nyingine, nene, yenye mikwaruzo, sauti ya mwanamume ambaye mama hakumfahamu. Akageuka kumtafuta. Nyuma kule hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa Filimbi, ameziba mdomo kwa kiganja.

Kwaya ikaangua kicheko. Mama hakucheka. Alitembea mpaka benchi la mwisho.

"Tangu lini?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Siku nyingi, mama." Hata kunong'ona kwake kulikuwa kunene. "Kule shuleni nafungua mdomo tu, sitoi kitu. Naogopa watanicheka."

"Mbona hukuniambia?"

Filimbi alitazama daftari lake. "Ningekuambia saa ngapi?"

Hakusema kwa ujeuri. Aliuliza kama anayetaka kujua, na hilo ndilo lililomchoma mama. Katika ukumbi mzima wa watu, alikuwa anajua nani ana mafua, nani anasukuma koo, nani anaazima sauti ya jirani. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amebadilika sauti chini ya paa lake, na yeye hana habari.

"Jamani, hicho kipande ni kitamu!" mwalimu wa kwaya alipaza sauti kutoka mbele. "Mmekipata wapi? Jumatano tukianze, kitatufaa kwenye tamasha."

"Hapana, mwalimu," alisema mama.

Kinanda kikanyamaza. Baba alimtazama mkewe kama anayesikia neno hilo mara ya kwanza, na pengine ilikuwa kweli.

"Hicho si cha tamasha," aliendelea. "Ni cha kwangu nyumbani. Na Jumatano sitakuja, wala huyo mpiga kinanda wako. Utanisamehe."

Mwalimu wa kwaya akajikuna kichwa. "Haya, mama," alisema mwishowe.

Jumatano mama alipika maharage. Alipoonja chumvi na kuridhika, aliweka mwiko pembeni, akaimba. Besi ikajibu kutoka uani. Sauti ya pili ikajibu kutoka chumbani. Kisha kimya.

"Filimbi?" baba aliita.

"Subiri," alisema mama.

Sauti ikaja kutoka korido. Ilianzia juu, mahali pake pa zamani, ikakatika, ikaanguka, ikatafuta, ikakosa. Dada yake alianza kucheka, mama akamnyamazisha kwa kidole. Hakumwelekeza mtoto pa kushika. Alirudia wito polepole, na tena, mpaka Filimbi akapata pake, chini kidogo tu ya mama yake, karibu na baba yake.

Ndipo akapakua.